Soko lililojengwa kama kivuli cha miti: Kariakoo ikitazamwa kutoka Uvira

UVIRA – Vitenge vinavyotundikwa kila asubuhi kwenye meza za soko la Mulongwe, sufuria, taa za sola, viatu vya plastiki vya watoto: sehemu kubwa ya mali hiyo haikutengenezwa kando ya ziwa hili. Imekuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni fupi. Unavuka mpaka Kavimvira, unapita Gatumba na kuingia Bujumbura, safari isiyozidi kilomita 30. Ya pili ni ndefu mno: bandari ya Dar es Salaam, reli hadi Kigoma, kisha meli au boti ya mbao kuelekea kaskazini mpaka bandari ya Kalundu.

Kwa miaka mingi, mwisho wa kila njia mfanyabiashara wa Uvira alikuta jengo moja kubwa. Bujumbura lilikuwa Soko Kuu la katikati ya mji. Dar es Salaam lilikuwa soko la Kariakoo. Ndani ya majengo hayo ndimo alimopata chini ya paa moja kila alichotumwa na wateja wake, kuanzia vyungu na mikeka hadi vipuri vya baiskeli.

Yote mawili yaliungua. La Bujumbura liliteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, na la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Baada ya hapo njia zao ziliachana. Miaka kumi baada ya moto, mahali pa Soko Kuu la Bujumbura hapakuwa na soko jipya. Kariakoo mifupa yake ya zege ilibaki imesimama, na serikali ya Tanzania ikaamua kulikarabati jengo lile lile na kujenga jingine pembeni yake.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na fedha ni mojawapo. Lakini sehemu yake ilianza nusu karne nyuma, kwenye meza ya msanifu majengo mmoja Mtanzania aliyejiuliza swali ambalo katika miji yetu halikuulizwa mara nyingi: mama anayeuza nyanya anahitaji nyumba ya namna gani?

Jina la wapagazi

Kabla ya jengo kulikuwa na uwanja, na kabla ya uwanja kuwa soko ulikuwa kambi. Wajerumani walipokuwa wakitawala Tanganyika walisimamisha hapo mabanda makubwa ya chuma kwa ajili ya maonyesho yaliyopangwa kufanyika mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka mwaka huo huo, na mabanda hayakupata kazi waliyoyakusudia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliyageuza kuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba risasi na chakula cha jeshi. Kwa ulimi wa Kiswahili jina hilo likawa Kariakoo.

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Uvira wapagazi wa vita hiyo walikuwa akina nani. Upande wa magharibi wa ziwa, jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lilikusanya watu wake kwa namna ile ile. Wanajeshi hao waliingia Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, mwezi wa sita mwaka 1916, na Septemba wakafika Tabora. Mizigo yao ilisafiri kichwani, juu ya vichwa vya wanaume wa Kivu na Maniema, na wengi wao hawakurudi nyumbani.

Vita hiyo iliacha kitu kingine kinachotuhusu zaidi kwa habari ya biashara. Kwa mkataba wa Machi 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa maeneo yao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kusumbuliwa na duane ya Waingereza. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Reli ya Wajerumani ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914. Hivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, barabara ya mali kutoka Bahari ya Hindi hadi Kalundu ilikuwa imeshachorwa, na haijabadilika sana tangu hapo.

Huko Dar es Salaam, yale mabanda ya chuma yakawa soko la Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Waingereza walikuwa wameugawa mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati na maduka yao, Waafrika Kariakoo. Mpango kama huo ulikuwepo pia Usumbura, ambako mtaa wa Waasia wenye maduka ulikaa kati ya mji wa Wazungu na vitongoji vya Waafrika kama Buyenzi, ambacho mpaka leo kinajulikana kwa Kiswahili chake.

Miavuli iliyopinduliwa

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, soko la Kariakoo lilikuwa bado yale mabanda, na mji ulikuwa ukikua haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaamuliwa lijengwe soko jipya la kitaifa. Kazi ya kulichora alipewa Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 na kusomea usanifu katika chuo cha Technion mjini Haifa, Israel. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu majengo. Wakati huo karibu kila jengo kubwa la eneo hili lilichorwa na Mzungu au Mhindi.

Amuli angeweza kuchora boksi la zege lenye madirisha, kama maduka makubwa ya Ulaya yalivyokuwa yakijengwa miaka hiyo. Hakufanya hivyo. Alianzia mahali soko la Kiafrika linapoanzia, yaani chini ya mti. Mama anakuja asubuhi, anatafuta kivuli, anatandika mkeka, anapanga mafungu. Mteja anazunguka, anainama, anashika, anauliza bei, anaondoka, anarudi. Hakuna mlango wala kaunta. Upepo unapita.

Paa la Kariakoo ni msitu wa miti hiyo, ila ni wa zege. Kila mti ni nguzo moja nene inayopanda na kufunguka juu kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, kingo zikiwa juu na katikati kukiwa chini. Miavuli hiyo imepangwa bega kwa bega mpaka imefunika soko zima. Kati ya mwavuli na mwavuli mwanga unaingia, na joto la watu na la mboga linapata pa kutokea. Mvua ikinyesha, maji hayamwagiki pembeni juu ya wachuuzi kama kwenye paa la kawaida. Yanakimbilia katikati ya kila mwavuli, palipo nguzo, na kushukia hapo.

Umbo hilo halikuwa la mapambo. Zege lililokunjwa namna hiyo hupata nguvu kutokana na mikunjo yake, kama karatasi inavyosimama ikikunjwa, na kwa hiyo linaweza kuwa jembamba na kufunika eneo pana kwa nguzo chache. Félix Candela, Mhispania aliyekimbilia Meksiko baada ya vita vya nchini kwake, alilitumia sana katika miaka ya 1950 kwa viwanda, maghala na masoko, kwa sababu liliokoa saruji na chuma. Amuli alilichukua wazo lililokuwa likizunguka duniani akalipa maana ya nyumbani. Mtu asiyejua lolote kuhusu Meksiko, akiingia Kariakoo, aliona kivuli cha miti.

Chini ya paa kulikuwa na ngazi tatu: chini ya ardhi, palipoteremshwa mizigo ya jumla, usawa wa barabara, kwa mboga, matunda na nafaka, na juu, kwa bidhaa nyingine za dukani. Malori yalishusha chini, wanunuzi walitembea juu, na wawili hao hawakugongana. Ni jambo dogo kulisema. Yeyote aliyewahi kupita Mulongwe saa ya kushusha magunia, akiwa amebanwa kati ya lori na meza ya samaki, anajua si dogo.

Jambo jingine lilifanyika kimya kimya na lina uzito kuliko paa. Mwaka 1974 bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo. Soko likapata mwenyewe kisheria: chombo chenye jina, hesabu na wajibu. Desemba 1975 Rais Julius Nyerere alilifungua rasmi.

Wakati huo huo, upande wetu wa ziwa

Miaka hiyo hiyo ambayo zege la Kariakoo lilikuwa likimwagwa, maduka ya Uvira na ya miji yote ya Zaire yalikuwa yakifungwa.

Biashara kwenye pwani hii ni ya zamani kuliko mkoloni. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa nne mwaka 1858, waliikuta tayari ni kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Waswahili na Waarabu walileta ushanga na kitambaa cha merikani. Walichukua pembe za ndovu, nafaka, na watu. Duka halikuhitaji jengo. Lilikuwa mtumbwi, au kibanda, au ua wa mwenyeji.

Jengo lililetwa na Wabelgiji pamoja na wafanyabiashara waliowafuata: Wagiriki, Wahindi, Wareno, Waarabu. Umbo lake linajulikana katika mji wowote wa Kivu. Kuta nene za matofali ya kuchoma, sakafu iliyoinuliwa juu ya barabara kwa sababu ya tope, paa refu la mabati, baraza mbele yenye nguzo ambako cherehani ya fundi hukaa, milango ya mbao ya vipande viwili, depo nyuma, na familia ya mwenye duka ikilala nyuma zaidi au ghorofani. Ni nyumba yenye akili. Baraza inazuia jua kali la tambarare ya Ruzizi lisifike kwenye bidhaa, na paa refu linaliweka joto mbali na kichwa.

Juu yao yalikaa makampuni makubwa. Sedec, tawi la biashara la Unilever, kampuni iliyomiliki mashamba ya michikichi ya Kongo, ilikuwa na maduka katika miji mingi ya koloni. Humo ndani Mzungu alipata karibu kila kitu, kuanzia maziwa ya kopo hadi fanicha. Mwafrika mara nyingi alihudumiwa dirishani au kwenye kaunta ya pembeni. Jengo lenyewe lilimwambia mahali pake. Ndiyo maana lile wazo la Amuli la soko lisilo na mlango halikuwa suala la hewa safi tu.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitachukuliwa na kukabidhiwa kwa Wazaire. Hiyo ndiyo iliyoitwa zairianisation. Kwa karatasi moja, Mgiriki au Mhindi aliyekuwa na duka alitakiwa kumwachia funguo mtu aliyepangiwa, mara nyingi mwanasiasa, ofisa au ndugu yao. Wengi wa waliopewa hawakuwa wafanyabiashara. Waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu, na rafu zilipokwisha hawakuwa na mikopo, wala barua za kuagizia mali, wala mtu wa kumwandikia Dar es Salaam au Antwerp. Kufikia 1976 serikali ilikuwa imerudi nyuma na kuwaita wenye mali wa zamani warudi. Wengi walikuwa wameshaanza maisha kwingine.

Kilichobaki ni majengo. Lakini jengo la biashara lisilo na hati safi ni kitu kigumu. Nani atatengeneza paa la nyumba ambayo kesho anaweza kuja mtu na karatasi ya 1974, na mwingine na karatasi ya 1958? Baraza zikazibwa kwa matofali kuwa vyumba vya kupangisha. Depo zikakatwa vipande. Baada ya hapo vilikuja vita. Uvira ilikuwa kati ya miji ya kwanza kutekwa katika vita vya 1996, mwezi wa kumi. Ukitafuta katika mji wa leo jengo moja la duka la zamani lenye historia iliyoandikwa na mwenyewe anayejulikana bila ubishi, utatembea sana.

Kwa hiyo Uvira ikawa mji wa wafanyabiashara hodari ambao nyumba zao kubwa za biashara ziko nchi nyingine.

Jumapili ya Bujumbura

Ya karibu zaidi ilikuwa Soko Kuu la Bujumbura. Liliendeshwa na kampuni binafsi, Sogemac, na ndani yake maelfu ya wachuuzi walikuwa na meza. Mfanyabiashara kutoka Uvira aliweza kuondoka asubuhi, kununua na kurudi kabla mpaka haujafungwa. Kwa mama mwenye mtaji mdogo hilo lilikuwa jambo kubwa: hakuhitaji kulala hotelini, wala kumlipa mtu wa kumlindia mzigo.

Moto ulianza asubuhi ya Jumapili ile. Magari ya zimamoto yalikuwa machache na maji hayakutosha. Helikopta zilitumwa kutoka Rwanda kuja kusaidia. Wachuuzi waliokimbilia sokoni walisimama nje wakitazama. Waliokuwa wameacha akiba yao ya pesa ndani ya vibanda, kwa kuamini ni salama kuliko nyumbani, walipoteza mali na pesa siku moja. Hasara haikuishia Burundi. Mali nyingi ya sokoni humo ilitolewa kwa mkopo wa kuaminiana, na deni la aliyeunguliwa Bujumbura liligonga mlango wa mtu Uvira.

Masoko kuungua si aibu ya Afrika peke yake. Brussels, mji mkuu wa waliotutawala, ulikuwa na duka kubwa la fahari lililoitwa Innovation. Lilichorwa na Victor Horta na kufunguliwa mwaka 1901, miaka ambayo utajiri wa mpira na pembe za Kongo ulikuwa ukimiminika katika mji huo. Lilikuwa ukumbi mmoja mrefu wa chuma na kioo, wazi kutoka sakafu hadi paa ili mteja aone ghorofa zote kwa mara moja. Tarehe 22 Mei 1967 moto uliingia, ukaupanda ukumbi ule wazi kama unavyopanda bomba la moshi, na zaidi ya watu 250 walikufa. Uzuri wa jengo ndio uliokuwa njia ya moto.

Katika masoko yetu tatizo lina sura nyingine. Jengo huchorwa likiwa na njia pana, kisha kila mwaka njia inapungua. Meza inapata kuta za mbao, kuta zinapata mlango wa chuma na kufuli, juu ya kibanda kinawekwa kibanda cha kuhifadhia, waya wa umeme unaunganishwa kutoka kwa jirani. Mwishowe soko la wazi limegeuka kuwa masanduku mengi yaliyojaa nguo, plastiki na mafuta, yamefungwa kwa nje, na mzima moto hana pa kupita. Anayelipia meza anaongeza ukubwa wake. Anayekusanya ushuru haulizi, kwa sababu ushuru unaongezeka.

Baada ya moto, wachuuzi wa Bujumbura walitawanyika katika masoko ya mitaa. Ahadi za kujenga upya zilitolewa. Mwaka 2015 nchi ikaingia katika msukosuko wa kisiasa, wafadhili wakafunga mifuko, na suala la soko likasogea chini ya orodha. Kwa mnunuzi wa Uvira maana yake ilikuwa kwamba safari ya mahali pamoja iligeuka kuwa ya kuzunguka mji mzima, na nauli za teksi zikaingia katika bei ya kitenge.

Kilichobaki Kariakoo

Nalo Kariakoo, kufikia 2021, lilikuwa limeshaingiwa na ugonjwa huo huo. Msitu wa Amuli ulikuwa umejaa vibanda hadi kwenye matawi. Nje, mitaa ya Kongo, Msimbazi na Swahili ilikuwa imefunikwa na wachuuzi kiasi kwamba gari kubwa lilipita kwa shida. Moto wa Julai ulipoanza usiku, uliteketeza sehemu kubwa ya mali iliyokuwa ndani.

Lakini zege halifanyi kama chuma. Chuma kisichofunikwa, kikifika joto la nyuzi 600 hivi, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kuanza kupinda. Paa linashuka na kuta zinalifuata. Nondo zilizo ndani ya zege hulindwa kwa muda na zege lenyewe. Nguzo zile nene zilizoonekana kama mashina ya miti zilibaki wima, na juu yake miavuli ikabaki ikionekana kutoka barabarani, imekuwa myeusi.

Swali likawa ni la kubomoa au kukarabati. Katika mji ambako kiwanja cha Kariakoo kina bei ya kutisha, wapo ambao wangefurahia kuona mnara wa kioo mahali hapo. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa mambo mawili pamoja: kulirudisha jengo la Amuli, na kujenga soko jipya la ghorofa upande lilipokuwa soko dogo. Kwa nini uamuzi ukawa hivyo? Jengo lilikuwa na mwenyewe kisheria, tangu ile sheria ya 1974. Lilikuwa na michoro na jina la mchoraji. Na lilikuwa limekuwa alama ya mji, kitu ambacho mtu anakionyesha mgeni. Mwenyewe Amuli hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2016.

Sifa hizi zisizidi kipimo. Soko hilo lilipoungua halikuwa na kinga ya moto inayostahili jengo la ukubwa wake, na uzembe wa miaka mingi hautibiwi na paa zuri. Pia Kariakoo kama mtaa ina hatari nyingine ambazo mnunuzi wa Kongo anapaswa kuzijua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne la maduka lilianguka huko asubuhi, watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa, na serikali ikaagiza majengo ya mtaa mzima yakaguliwe. Lile la miaka ya 1970 limestahimili moto. Lililoanguka halikuwa limeguswa na moto wowote.

Mji uliobanwa

Turudi kando ya ziwa. Uvira ni mji mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji. Ardhi tambarare ambayo juu yake masoko yanaweza kukaa ni ile iliyoletwa na mito yenyewe: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Mto ulioleta ardhi hiyo unaweza kuja kuidai. Katikati ya Aprili 2020, mvua ya usiku mmoja iliushusha Mulongwe kutoka milimani na mawe yake; makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, daraja likavunjika na mji ukakatika vipande viwili.

Kutoka upande wa pili, ziwa nalo limekuwa likipanda. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie, na mvua zikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo maji hayana haraka ya kutoka. Mwaka 2021, na tena 2024, yaliingia mitaani Uvira, na Gatumba ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2024 gati la Kalundu, mlango wa ile njia ndefu ya mali, lilikuwa ndani ya maji.

Katika hali hiyo, kuzungumzia usanifu wa soko kunaweza kuonekana anasa. Si anasa. Maswali aliyoyajibu Amuli kwa Dar es Salaam ndiyo yanayoisumbua Uvira kila msimu wa mvua: maji ya paani yaende wapi, lori lishushie wapi, hewa ipite wapi, na sakafu ya kuwekea magunia ya unga iwe juu kiasi gani. Ngazi ya chini ya ardhi, iliyofaa Dar es Salaam, ingekuwa wazimu mita chache kutoka ziwani. Baraza na sakafu ya juu ya yale maduka ya zamani ya Wagiriki na Wahindi inafaa zaidi kuigwa. Kinshasa nako Soko Kuu, ambalo wenyeji huliita Zando, lilifungwa mwaka 2021 ili lijengwe upya, na mjadala wa maji machafu na njia za kupita ulikuwa mkubwa kuliko ule wa sura ya jengo.

Kuna kazi ambayo haihitaji bilioni wala mfadhili: kuyahesabu majengo ya biashara ya zamani yaliyosalia Uvira, kutoka Kalundu hadi Kavimvira, kuyapima, kuyapiga picha, na kuandika kando ya kila moja mwaka wake na hati zake, zile za kabla ya 1973 na za baadaye. Ofisi za ardhi na za makazi zina sehemu ya karatasi hizo. Familia zina nyingine, ndani ya masanduku, na baadhi ya masanduku hayo yalilowa mwaka 2020.

Mali yenyewe haisubiri. Kigoma boti za Kalundu zinapakiwa na katoni zilizotoka Kariakoo, kila moja ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene jina la mwenye mzigo na neno moja: UVIRA.